Xiaomi ya Aohan: uji ni wa daraja la kwanza, ila "miaka 8,000" ya kwenye pakiti ina mwenyewe

Tuanze na jina, maana ndilo linalochanganya. Ukitafuta "xiaomi" kwenye intaneti ukiwa Kariakoo au Luthuli Avenue utaletewa simu. Kampuni ile ya Beijing ilijipa jina la chakula: xiao ni ndogo, mi ni punje iliyokobolewa, na maneno hayo mawili kwa pamoja ndilo jina la kila siku la nafaka ya njano inayopikiwa uji wa asubuhi kaskazini mwa China. Kwetu haina jina moja lililozoeleka. Si mtama, maana punje ya mtama ni kubwa kuliko hii mara kadhaa. Si ulezi, ambao asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na shuke lake limegawanyika kama vidole. Wala si uwele. Shuke la nafaka hii huinama kama mkia wa mbweha, na aliyewahi kufuga kasuku huenda ameliona likiuzwa zima zima kama chakula cha ndege. Ikiwa shambani tutaiita su, jina lake la kale ambalo watafiti bado wanalitumia. Ikishakobolewa ni xiaomi.

Tunayoipima hapa ni xiaomi ya Aohan, wilaya iliyo chini ya mji wa Chifeng, Mongolia ya Ndani. Wakoboaji ni wengi na nembo zao ni nyingi, kwa hiyo hukumu ni ya nafaka yenyewe, si ya kampuni. Kwa ufupi: kwa uji, nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa wali, tatu. Kwa historia iliyochapishwa mgongoni mwa pakiti, kwamba nafaka hii ndiyo iliyolimwa Aohan tangu miaka 8,000 iliyopita, mbili, na sababu zake tutazieleza kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo mnunuzi anapouziwa kitu kimoja kwa sifa za kingine.

Sifa hizo zina msingi. Aohan ni kukavu, mvua ni takriban milimita 400 kwa mwaka, udongo mwepesi, vilima vingi, na kilimo chake cha nchi kavu kiliingizwa na FAO mwaka 2012 kwenye orodha ya mifumo ya urithi wa kilimo duniani. Pia ndiko kilikogunduliwa, mwaka 1982, kijiji cha Xinglongwa, na uchimbaji ukaanza mwaka uliofuata. Hiki kilikuwa kijiji hasa: nyumba zilizozama nusu ardhini, zimepangwa kwa safu kama madawati darasani, kila moja na jiko katikati ya sakafu, na handaki limezunguka kijiji. Nyumba kubwa kabisa zilifika mita za mraba 140. Chini ya sakafu ya nyumba mojawapo alizikwa mwanamume pamoja na nguruwe wawili, dume na jike. Kipindi chenyewe ni kama miaka 8,200 hadi 7,200 iliyopita.

Nafaka ilipatikana kwenye kijiji ndugu, Xinglonggou, kilichochimbwa kati ya 2001 na 2003. Namna ilivyopatikana inafaa kueleweka, maana punje ya milimita mbili iliyolala ardhini miaka elfu nane huwezi kuiona kwa kuchokoa udongo na sepetu. Udongo hukusanywa kwa ndoo kutoka kila shimo na kila sakafu, ukamiminwa kwenye pipa la maji yanayosukumwa kutoka chini. Mchanga na mawe huzama. Mkaa na punje zilizoungua huelea, zikamwagikia kwenye chekecheke yenye matundu madogo kuliko kichwa cha pini. Zikikauka kivulini, hutenganishwa moja moja chini ya hadubini. Ambayo haikuungua iliisha kuoza zamani. Iliyoungua kupita kiasi ilibisika kama bisi ikapoteza umbo. Inayobaki ni ile iliyopata moto wa kiasi tu, kwa hiyo hesabu ya punje siku zote ni pungufu ya kilicholiwa.

Na hapo ndipo pakiti inapopinda. Sehemu kubwa mno ya punje za nafaka zilizotambuliwa Xinglonggou si za su. Ni za shu, nafaka ya aina ya pili, ambayo shuke lake hutawanyika kama ufagio. Su imo, lakini kwa uchache. Kwa maneno mengine, mtu anayenunua xiaomi ili ale walichokula watu wa Xinglonggou amechukua pakiti isiyo yake. Yake iko rafu ya chini, ina punje kubwa zaidi, imeandikwa 黄米, yaani huangmi. Kwenye pakiti ya kwanza tafuta 小米. Alama ya mwisho ni ileile, mi, lakini ndani mmea mwingine kabisa.

Si Aohan peke yake. Cishan, mkoani Hebei, kuligunduliwa mwaka 1972 na mashimo ya kuhifadhia zaidi ya 80 yaliyokuwa na mabaki ya nafaka chini. Kwa muda mrefu vitabu vilisema ile ilikuwa su. Mwaka 2009 watafiti walirudi kwenye lile vumbi wakatafuta chembe za silika, vijiwe visivyoonekana kwa macho ambavyo mmea huvijenga ndani ya makapi na ambavyo hubaki hata kila kitu kikioza. Makapi ya su huacha kingo zilizopinda kama herufi Ω, ya shu kama η. Matokeo yao: tabaka za chini ni shu tupu, wakaikadiria kuwa na miaka kama 10,300, na su inaanza kuonekana baada ya miaka 8,700 iliyopita, tena kidogo. Umri huo wa 10,300 wanaakiolojia wengine wanaubishia, wakisema tarehe hazilingani na vyungu vya pale. Mpangilio wenyewe, shu kutangulia na su kufuata, ndio unaojirudia.

Sababu ni za shambani. Shu huvumilia ukame kuliko karibu nafaka zote na aina zake za haraka hukomaa kwa siku 60 hadi 90. Kwa watu ambao bado waliwinda kulungu na kuokota njugu za mwituni, nafaka inayopandwa mvua ikinyesha na kuvunwa kabla ya baridi, bila kuhudumiwa sana, ilikuwa inafaa. Su hukaa shambani muda mrefu zaidi, lakini ukiihudumia hutoa mavuno mengi zaidi. Watu walipoongezeka na vijiji kukua, su ikapanda chati, na katika enzi ya utamaduni wa Yangshao, wa wakulima wa bonde la Mto Manjano kama miaka 7,000 hadi 5,000 iliyopita, ndipo ilipoipita shu. Kule Banpo, Xi'an, kijiji cha utamaduni huo kilichochimbwa miaka ya 1950, shimo moja la kuhifadhia lilikutwa na rundo la su iliyooza. Mzazi wa mwituni wa su ni gugu la kawaida tu linaloota kandokando ya barabara kuanzia China hadi Ulaya na Marekani.

Mifupa nayo inatoa ushahidi. Su na shu, kama mahindi na mtama wetu, ni mimea inayonasa kaboni kwa njia ambayo wataalamu huiita C4, na alama yake hubaki kwenye mfupa wa mlaji. Ngano, mchele na mimea mingi ya mwituni ya maeneo yale ya baridi haina alama hiyo. Mifupa ya watu wa Xinglongwa ina alama hiyo kwa nguvu. Kwa hiyo hata kama punje zilizookolewa ni kiganja tu, sufuriani zilikuwa nyingi.

Kipimo cha nyumbani: weka xiaomi na huangmi kwenye kisahani cheupe, chukua kioo cha kukuza. Punje ya xiaomi ni duara, kama milimita moja na nusu, na upande mmoja utaona kidimbwi kirefu kinachopita nusu ya punje. Hapo ndipo kiini kilipokuwa kabla mashine haijakikwangua. Huangmi ni kubwa kidogo, milimita mbili na zaidi, na kidimbwi chake ni kifupi na kipana, nusu ya punje au chini ya hapo. Mtaalamu aliyeinama juu ya hadubini anatenganisha su na shu zilizoungua kwa kutazama hichohicho. Muuzaji akikuambia "zote ni moja, hii imekomaa zaidi", kisahani kitamjibu.

Sasa jikoni.

Kwa uji wa watu watatu au wanne pima gramu 100, yaani nusu kikombe cha mililita 250, na maji lita 1.3. Ukiutaka mzito, lita moja. Osha mara moja, isizidi mbili, kwa kuzungusha tu. Ukiisugua kama mchele wa zamani unapoteza pumba laini iliyobaki, na ndiyo yenye ladha. Usiloweke. Chemsha maji kwanza hadi yatokote hasa, ndipo umwage nafaka huku ukikoroga. Kosa linaloharibu sufuria nyingi ni kuiweka kwenye maji baridi: hutuama chini, wanga unatoka kabla maji hayajaanza kucheza, na matokeo ni ukoko mweusi na uji wenye harufu ya moshi. Ikishachemka tena punguza moto, acha mfuniko wazi kidogo, maana povu lake hupanda haraka kuliko la maziwa. Koroga kila baada ya dakika chache kwa dakika kumi za mwanzo, kisha iache. Dakika 30 hadi 35 zinatosha Dar es Salaam. Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ongeza kumi. Ukizima moto, usifunue kwa dakika kumi.

Ukifunua utaona utando mwembamba wa njano unaong'aa juu ya uji. Wachina huuita miyou, mafuta ya nafaka, na ndio wanaopimia ubora. Xiaomi mpya ya Aohan hutoa utando unaoweza kuuinua kwa ncha ya kijiko. Iliyokaa miaka miwili haitoi kitu, na uji unajitenga: maji juu, punje chini. Huko kaskazini mwa China uji huu hupewa mzazi siku za mwanzo baada ya kujifungua, pamoja na sukari nguru nyekundu na mayai, kwa imani ileile inayofanya kwetu mzazi apelekewe uji wa ulezi au wa pilipili manga. Protini yake ni kama gramu 9 kwa kila gramu 100, si haba, lakini ni hafifu kwa lisini, mojawapo ya viambajengo vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo kunywa na maziwa au kula na maharage si anasa. Haina gluteni.

Wapo wapishi wanaotia chembe ya jian, ambayo ni ndugu wa magadi yetu, ili punje zivunjike upesi na rangi ikolee. Rangi inakolea kweli. Vitamini B1, ambayo ndiyo sifa mojawapo ya xiaomi, inakwenda. Afadhali dakika kumi za ziada.

Wali wa xiaomi tupu ni mkavu na hutawanyika mdomoni; kikombe kimoja kwa maji vikombe viwili, dakika 15 moto mdogo, dakika kumi kufunikwa. Inafaa zaidi ikichanganywa, mchele vikombe vitatu kwa xiaomi kimoja, ukapika kama wali wa kawaida. Nazi inaikubali vizuri, jambo ambalo mpishi wa Chifeng hatakuambia.

Huangmi ni kazi nyingine. Ukinunua ya kunata, ndiyo inayouzwa zaidi, usiipike kama uji mtupu, itakuwa gundi. Inang'ara kwenye gao, keki ya mvuke ya Shanxi na Mongolia ya Ndani. Chukua unga wake gramu 500, nyunyizia maji taratibu hadi karibu nusu ya uzito huo, huku ukifikicha kwa vidole hadi uwe chenga chenga. Ukifumba kiganja ushikane, ukibonyeza uvunjike. Tandika kitambaa chenye unyevu kwenye chombo cha mvuke kinachotoa mvuke tayari, nyunyiza tabaka la sentimita mbili, subiri mvuke upenye na rangi igeuke kutoka njano mpauko kuwa njano iliyoiva, ndipo uongeze tabaka linalofuata. Hapa hapana njia ya mkato. Ukimimina unga wote kwa mpigo, tabaka la chini linanata na kuziba njia ya mvuke, na utatoa keki iliyoiva pembeni yenye moyo wa unga mkavu mbichi. Baada ya tabaka la mwisho funika dakika 20. Kisha mimina kwenye bakuli na ukande ungali moto, mikono ukiichovya kwenye maji baridi kila mara, hadi uwe laini na ung'ae. Kata vipande, jaza maharage madogo mekundu yaliyopondwa na sukari, kaanga kwenye mafuta mengi hadi ngozi itoe malengelenge. Ukiacha upoe kabla ya kukanda, unakuwa jiwe.

Ipo pia shu isiyonata. Wamongolia huichemsha kidogo, huikaanga kavu, huikoboa na kuiweka kwenye chai ya maziwa pamoja na siagi. Huitwa chaomi, na kwa asiye na muda wa kupika ndiyo njia fupi ya kuonja nafaka iliyotawala Xinglonggou. Inatafunika kama bisi ambazo hazikupasuka.

Kuhusu kununua. Mavuno Aohan ni mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, kwa hiyo pakiti bora ni ile iliyokobolewa kuanzia Novemba. Soma tarehe ya ukoboaji, si ya mwisho wa matumizi tu. Chagua pakiti ndogo zilizofyonzwa hewa, ngumu kama tofali; iliyolegea imeshapitisha hewa. Aina ya Aohan yenye sifa ni huangjinmiao, mche wa dhahabu. Bei yake iko juu ya xiaomi ya kawaida, na kwa uji inastahili. Wapinzani wake wa haki ni Qinzhou Huang ya Shanxi, yenye punje ndogo na ladha kavu kidogo, na Longshan ya Shandong. Ukifumbiwa macho huenda usizitofautishe na huangjinmiao, lakini zote tatu utazitofautisha na ile ya kupimiwa kwenye gunia lililo wazi.

Gunia lililo wazi lina matatizo mawili. La kwanza ni mwanga: njano ya xiaomi ni karotenoidi, rangi za asili za jamii ya ile ya karoti, na jua huzila, ikabaki punje nyeupe yenye harufu ya mafuta ya zamani na uchungu nyuma ya ulimi. La pili linatokana na la kwanza, nalo ni rangi ya kupaka. Nyunyizia maji kidogo kwenye karatasi ya shashi nyeupe na usugue punje chache. Yenye rangi ya asili haiachi doa la maana, na maji yake ya kuoshea huwa na ukungu hafifu wa njano. Ikitoa njano ya manjano ya bizari, rudisha. Angalia pia chenga. Zikizidi, uji unashika chini hata ukifuata kila hatua iliyotajwa hapo juu.

Ukishafungua pakiti, hamishia kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana na uweke kwenye friji. Joto la Pwani linaharibu mafuta ya pumba kwa wiki chache, na nondo wadogo wa nafaka wanaipenda kuliko mchele.

Mwisho, unga wa xiaomi. Wauzaji huupamba kwa bakuli la Lajia, kijiji cha mkoa wa Qinghai kilichofunikwa kwa maafa ya tetemeko na mafuriko kama miaka 4,000 iliyopita. Bakuli lilikutwa limepinduka, na ndani yake tambi nyembamba ndefu, zilizotangazwa mwaka 2005 kuwa za su na shu. Tangu hapo wataalamu wanabishana zilivutwaje, kwa sababu unga huu hauna gluteni na ukiuvuta unakatika kabla haujafika urefu wa kidole. Atakayejaribu atakutana na tatizo hilohilo. Changanya sehemu moja ya xiaomi kwa mbili za ngano na ukate kwa kisu, au ukande kwa maji ya moto na usukume kwenye mashine ya kutengenezea tambi za kaukau, moja kwa moja juu ya maji yanayochemka. Zitoe zikielea tu. Dakika mbili zaidi na una uji tena.